Kitambaa Sakafuni

Mwalimu Privatus alikuwa na adhabu moja tu kwa wanafunzi wake wa dansi, nayo ilimwangukia Clotilda kila jioni: mwalimu alinyanyua sindano ya gramafoni. Rumba ikikatika katikati, ukumbi mzima ulijua nani kaharibu.

"Mama Georgina, umeangalia tena chini," alimwambia. "Sakafu haichezi. Nitazame mimi."

Clotilda alijitahidi. Lakini mwanamke aliyezaliwa na kulelewa kijijini Kagoma, huko Muleba, aliyefundishwa tangu utotoni kupiga magoti na kuinamisha macho akimwamkia mwanamume, atamkodoleaje macho mume wa mtu, tena kamshika mkono? Miguu yake haikuwa na kosa. Jikoni, akimenya ndizi, ilikwenda vizuri yenyewe, mbele na nyuma, mpaka bintiye Georgina akacheka. Mbele za watu shingo ndiyo iliyoanguka, na shingo ikianguka miguu nayo ilisahau. Kiganja kililowa jasho. Privatus, aliyejifunza rumba na chachacha huko Kampala na kurudi Bukoba na santuri zake za Kikuba, aliwaagiza wanawake wote waje na kitambaa cha kufutia mikono.

Masomo hayo yalikuwa matakwa ya mumewe. Rweyemamu alikuwa karani wa kahawa, na mwaka ule, wa tatu tangu uhuru, alichaguliwa katibu wa kamati ya sherehe za uhuru. Wanakamati na wake zao ndio wangefungua dansi. Wazungu waliocheza katika ukumbi ule wameondoka, alisema, sasa ni zamu yetu kuonyesha. Ni lini uhuru uligeuka kuwa mtihani wa rumba, hakuna aliyeuliza. Maji wameshayavulia nguo, ilibaki kuyaoga.

Wiki ile ya sherehe, Rweyemamu alimtazama mkewe akijikwaa mazoezini, na walipofika nyumbani hakugusa chakula.

"Nimempelekea baba salamu kwa mtu wa basi," alisema. "Aje. Ukiniaibisha, kesho yake unaondoka naye. Migomba ya Kagoma haihitaji mtu anayejua kucheza."

Clotilda aliwajua wanawake wa Kagoma waliorudishwa "kuangalia shamba", pete bado vidoleni, na waume zao wakaota mizizi mjini na wengine. Migomba hakuiogopa, aliipenda. Alichoogopa ni kuwa mke wa Krismasi, wa kutembelewa mara moja kwa mwaka kama kaburi. Usiku huo aliusema woga wake kwa rozari, na rozari haikumpunguzia kitu.

Siku ya sherehe, kabla ya mchana, basi la kutoka Muleba lilimshusha Ta Karugendo, yaani Mzee Karugendo, baba mkwe, kanzu nyeupe na koti jeusi, fimbo mkononi na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Clotilda alipiga magoti mlangoni na kumwamkia kwa mbali. Ndivyo desturi ilivyo: mke wa mwana hamgusi baba mkwe. Akitaka kumpa maji, anaweka kikombe chini, anarudi nyuma, mzee anaokota mwenyewe. Tangu Clotilda aolewe mikono ya hao wawili haikuwahi kukutana. Mzee aliitikia akiangalia ukuta, kama inavyopasa, wala hakusema amejia nini. Clotilda aliona hakuna haja ya kuambiwa.

Saa kumi alasiri bendi ilianza ukumbini. Clotilda akainua uso, akamtazama mumewe machoni, na miguu ikatii. Rweyemamu akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Nje, watu waliokuja kwa sherehe kutoka Kagoma na Muleba walijazana madirishani.

Rumba hiyo ilichezwa kwa duara. Privatus akipiga makofi, kila mwanamume anamwacha aliye naye na kusogea kwa mwanamke anayefuata. Ni mchezo wa watu wasiokuwa na wakwe, na mwalimu, kwa akili zake za Kampala, hakuliwaza hilo. Mke wa Mkuu wa Wilaya, mama mchangamfu mwenyeji wa mkoa mwingine, akamwona Ta Karugendo amekaa peke yake.

"Mzee wangu, leo hakuna kukaa," alisema, akamwingiza kwenye duara kwa mkono. Mzee hakuwa na njia ya kumkatalia mgeni wa serikali.

Makofi. Kanzu nyeupe ikasogea. Makofi tena, ikasogea tena. Clotilda alimtafuta mumewe, akamwona ng'ambo ya duara, uso umempauka. Rweyemamu aliijua desturi kama alivyoijua yeye. Lakini alimwashiria kwa kichwa: endelea.

Akitoka kwenye duara, kesho ni basi la Kagoma. Akiushika mkono ule, huko Kagoma hakuna atakayekula chakula chake, kuanzia mzee mwenyewe.

Makofi. Kanzu ilikuwa mbele yake. Mzee aliangalia dari, mikono imemning'inia. Bendi iliendelea. Clotilda akaangalia chini. Akatoa kitambaa chake, akapiga magoti katikati ya rumba, akakitandaza sakafuni. Akasimama, akarudi nyuma.

Ta Karugendo alikitazama kitambaa. Kisha akainama, akaokota ncha moja. Clotilda akashika nyingine. Wakacheza hivyo, kitambaa kimekazwa kati yao, mzee akitembea tu, mkwewe akimvuta polepole. Macho ya Clotilda hayakutoka sakafuni, na hakukosea hata hatua moja.

Privatus alipopiga makofi, mzee hakusogea kwa mwingine. Aliweka kitambaa chini, Clotilda akakiokota. Kisha mzee akalikata duara moja kwa moja mpaka kwa mwanawe na kusema kwa Kihaya, kwa sauti iliyofika dirishani:

"Uliniita nije kumchukua mtu. Nani?"

Rweyemamu alishika tai yake.

"Basi jiandae wewe. Migomba inataka kupaliliwa, na kuna adabu uliisahau nyumbani."

Asubuhi karani alipanda basi na baba yake, tai imekunjwa mfukoni. Clotilda aliweka kifurushi cha ndizi za kuchoma juu ya ngazi ya basi, akasogea pembeni. Ta Karugendo akakiokota. Macho yake yakiwa barabarani, akasema maneno ya kwanza aliyowahi kumwelekezea ambayo si salamu.

"Baki na nyumba yako, mwanangu."

Clotilda alilia palepale kando ya basi, bila kujificha, na kitambaa kilikuwa bado mkononi.