Siku Niliyofundisha Hirbadaw Nikiwa Mlimani

Nikianza kuisimulia hii masikio yanapata moto, maana mpaka leo nikishuka kwenye pikipiki pale Hirbadaw kuna watu wananiuliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, leo umekuja mwenyewe?" na siwezi kuwakasirikia, swali lao ni la haki.

Mimi ni mwalimu wa Hisabati katika shule ya msingi huku Endasak. Kwetu ni Morogoro (nilipopangiwa huku nilikuja na shati za mikono mifupi, wiki ya kwanza nikanunua makoti mawili). Sasa shule moja ya Hirbadaw haikuwa na mwalimu wa Hisabati kabisa, aliyekuwepo alihamishwa na nafasi yake ikabaki hivyo hivyo, darasa la saba wanakaa na madaftari matupu. Ndipo zikapatikana kompyuta mbili na projekta, nikawa nawafundisha kutoka chumba kidogo kilicho karibu na ofisi yetu, wao wananiona ukutani kwao, mkubwa kuliko nilivyo, na mimi nawaona kwenye kioo, vichwa vidogo vidogo vimejipanga. Mwalimu mkuu wao, Mwalimu Tarmo, alikuwa anakaa nyuma kuwasimamia.

Niseme ukweli, nilipenda mno. Asubuhi ukungu ukishuka kutoka mlimani na kufunika mahindi mpaka bendera ya shule huioni, nilikuwa nasimama mlangoni na kikombe cha chai nawaza kwamba shule za miaka ijayo zitakuwa hivi, sauti ya mwalimu mmoja inapita juu ya ukungu, inashuka Hirbadaw, inafika mpaka Bashay, inaingia katika kila darasa ambalo mbele hakuna mtu, na watoto wa wafugaji wanaendelea kusoma hata familia ikihama na mifugo, kioo kimetundikwa kwenye mti, ng'ombe wanakula majani pembeni. Nilijiona kama mvua. (Ndiyo, mvua. Chekeni tu.)

Wiki hiyo nilikuwa na mafua, na sauti ilikuwa inakatika kwa sababu hapa kwetu peke yake nina madarasa matano. Kwa hiyo Jumapili, sauti iliporudi kidogo, nikarekodi kipindi cha Jumanne, ili Jumanne nipumzike saa moja tu. Mpaka hapo hakuna ubaya. Ningemwambia Mwalimu Tarmo kwamba ni video asingekataa. Lakini niliona haya, nikataka waamini nipo, nikaanza kuongeza vikorombwezo: nauliza swali, nahesabu kimoyomoyo mpaka kumi, halafu najibu kana kwamba nimewasikia. Nilijua watakosea wapi, nikaweka na kukosoa kabisa. Nikaweka hata, "Wewe uliyesimama kule nyuma, kaa chini," maana kila kipindi lazima kuna mmoja amesimama. Nikaitazama kazi yangu nikajipongeza.

Jumanne nikawasha video kwenye kompyuta, nikafunga mlango wa kile chumba, nikapanda mteremko ulio nyuma ya shule na khanga yangu, simu, na hindi la kuchoma. Nikakaa juu ya jiwe. Ukungu ulikuwa chini yangu, umetanda kama maziwa kwenye sufuria, na jua lilikuwa upande wangu. Nikaingia kwenye kipindi kwa simu, sauti na picha yangu nimevizima, nijionee tu. Nikajiona nafundisha. Nilijihisi mwepesi sana, kama mtu aliyegawanyika na nusu yake bora ndiyo imebaki inakula hindi.

Ndipo mlango wa darasa kule Hirbadaw ukafunguliwa, akaingia bibi yake Naomi.

Naomi ndiye mwanafunzi wangu anayeongoza kule. Familia yao ilikuwa inajiandaa kuhama na ng'ombe, na bibi, ambaye ndiye aliyemlea, alikuwa amesema haoni sababu ya kumwacha mtoto nyuma kwa ajili ya shule isiyo na mwalimu. Mwalimu Tarmo alimbembeleza wiki nzima aje aone kwa macho yake kwamba mwalimu yupo. Hayo nilikuwa nayajua. Nilichokuwa sikijui ni kwamba angekuja siku hiyo, bila kumwambia mtu.

Watoto wakasimama wakampa shikamoo kwa pamoja. Bibi akaitikia, akasimama nyuma ya madawati na fimbo yake akiutazama ukuta, akasubiri. Nilielewa anasubiri nini. Mimi ni mdogo kwake kwa miaka mingi, na ameingia mahali nilipo. Yule wa ukutani alikuwa anachora mstari.

"Na wewe uliyesimama kule nyuma," akasema yule wa ukutani, "kaa chini, unatuchelewesha."

Bibi akageuka kumtazama Naomi. Naomi akainamisha kichwa. Mwalimu Tarmo akavuta benchi haraka, na bibi akakaa na watoto, taratibu, bangili zake zikigongana.

Nikalitupa hindi majanini. Nikaanza kubonyeza simu kuwasha sauti, lakini vidole vilikuwa na masizi, kioo hakisikii, nafuta kwenye khanga, nabonyeza tena, na huku kipindi kinaendelea.

"Mtu ana mbuzi arobaini. Ameuza robo yao. Wamebaki wangapi?"

Kimya cha sekunde kumi. Naomi alikuwa anamnong'oneza bibi kwa lugha yao. Bibi hakuhitaji hata sekunde tano. "Thelathini," akasema kwa Kiswahili, kwa sauti, akiutazama ukuta.

"Hapana," nikamjibu kutoka ukutani. "Msikimbilie. Fikirini kwanza."

(Nilikuwa nawajibu watoto wanaosemaga kumi. Kila mwaka wanasema kumi.)

Bibi akahesabu upya kwa vidole. "Mimi nasema thelathini."

"Bado. Hilo ni jibu la mtu asiyefikiri."

Hapo simu ikakubali, na kwa haraka yangu nikawa nimewasha sauti na picha vyote. Pale ukutani, kando ya mwalimu nadhifu mwenye chaki, akatokea mwalimu yule yule, kichwa amekifunga khanga, upepo unampiga, punje ya hindi kidevuni. "Shikamoo bibi," nikasema.

Bibi akatazama huku, akatazama kule, akasema neno kwa lugha yao. Naomi akasimama. "Mwalimu, bibi anauliza, kati ya hao wawili mwalimu wetu ni yupi."

"Ni mimi wa huku mlimani, bibi. Huyo mwingine ni picha, nilimtengeneza Jumapili."

"Vizuri sana," akasema yule mwingine. "Tuendelee."

Watoto wakacheka mpaka wengine wakashuka chini ya madawati. Mwalimu Tarmo peke yake hakucheka. Alinyoosha mkono akazima projekta na kompyuta, na simu yangu ikabaki nyeusi.

Niliteremka, nikamweleza mwalimu mkuu wangu mwenyewe kabla hajasikia kwa wengine, na kesho yake alfajiri nikapanda bodaboda mpaka Hirbadaw. Bibi alikuwa kwenye zizi la ndama. Nikasema shikamoo. Akanishika mkono, akaubinya kiganjani, kisha ndipo akasema, "Marahaba." Halafu akauliza kupitia kwa Naomi, "Ni thelathini au siyo thelathini?"

"Ni thelathini, bibi. Ulipata mara zote mbili."

"Sasa kwa nini ulikataa?"

"Sikukusikia. Nilikuwa nimeshakataa tangu Jumapili."

Bibi akazungumza na Naomi kwa muda mrefu. Naomi akaziba mdomo kwa mkono, na hayo hakunitafsiria mpaka leo. Alichonitafsiria ni cha mwisho: familia itahama, Naomi atabaki kwa shangazi yake mpaka afanye mtihani, lakini mwalimu awe anakuja.

Kwa hiyo kila Ijumaa nakwenda, mgongo unauma, mavumbi mpaka kwenye kope. Siku nyingine nafundisha kwa kioo, moja kwa moja, hata na mafua. Ndoto zangu za ukungu sijaziacha, njiani naziota vizuri tu nikiwa nimemshika dereva koti. Ila nimeapa, sitamwambia tena mtu amekosea kabla sijamsikia amesema nini.