Kitufe cha Hapana kwenye Msiba

Mpaka leo nikiona kitufe chekundu kwenye simu, damu inanichemka. Kazi yangu ni kuchora sura za programu za simu: kitufe kikae wapi, maandishi yawe makubwa kiasi gani, mtu akigusa hapa apelekwe wapi. Ni kazi ya kukaa kwenye kiti, siyo ya kukata mkonge kama ya babu yangu hapa Korogwe, na sikuwahi kufikiri kwamba inaweza kumtoa mtu machozi. Basi imemtoa machozi mama yangu mdogo, na waliomliza wako ofisini kwao Dar es Salaam, wanapongezana. Ninaandika nikiwa na hasira, na sitaki mtu aniambie nitulie kwanza.

Programu yenyewe ilikuwa ya kuwajulisha watu shughuli za kwao: harusi, maulidi, kipaimara, mechi ya mpira, mkutano wa kijiji, mnada wa ng'ombe, misiba. Mtu anaweka shughuli yake, ndugu na majirani wanaiona kwenye simu, wanajua ni wapi na saa ngapi. Huku kwetu ilipendwa hasa kwa misiba, maana ukoo mmoja unaukuta umetawanyika: huyu analima Kwaluguru, yule yuko mlimani Kwashemshi, mwingine anauza machungwa Segera. Ilikuwa na sura mbaya, herufi ndogo mpaka bibi avae miwani miwili, lakini ilifanya kazi. Kampuni ikaamua kuibadilisha sura. Wakaniajiri mimi, eti wanataka mtu wa huku awaambie watu wa huku wanataka nini. Nikafurahi, kusema kweli, na nikaifanya kazi ile kwa moyo wote.

Kwenye ukurasa wa msiba nilichora kitufe kimoja tu, kimeandikwa "Poleni". Ukikigusa, wafiwa wanajua taarifa imekufika. Hakuna swali lolote. Kwetu msiba hauna mwaliko na mtu haulizwi kama atakwenda. Unakwenda. Ukishindwa, unamtuma mtu, au unanyamaza, halafu ukipata nafasi unakwenda kuhani na kilo yako ya sukari, mnakaa, mnalia kidogo, yamekwisha. Hakuna atakayekuuliza ulikuwa wapi. Kitu kimoja tu hakifanyiki: mtu kufungua mdomo akasema, mimi msibani kwako siji. Hayo ni maneno ya kumwambia mtu mliyekatana naye undugu.

Meneja alikuja Korogwe kuangalia michoro yangu. Kijana mtanashati, Mswahili mwenzangu kabisa, siyo kwamba katoka sayari nyingine. Aliupenda ukurasa wa harusi, akaupenda wa mpira, akafika kwenye msiba akakunja uso. Akauliza lile swali liko wapi. Kwenye harusi kulikuwa na swali, "Utahudhuria?", na vitufe viwili, Ndiyo cha kijani na Hapana chekundu, na chini yake picha na majina ya waliojibu. Akataka na msiba uwe hivyo hivyo. Nikamweleza yote niliyoyaeleza hapo juu, tena taratibu, kama unavyomweleza mgeni. Akasema wenye maturubai na viti vya kukodisha wanataka kujua watu wangapi watafika, na hao ndio watakaotoa matangazo. Nikamwambia basi angalau wanaojibu Hapana wasionyeshwe majina. Akasema watu wakionana wanahamasishana. Nikamuuliza kwao mtu akifiwa huwa wanaulizwa kama watakwenda?

Akacheka. "Dada," akasema, "hayo ni ya nyumbani. Hii ni bidhaa."

Kitufe changu cha Poleni kikatupwa. Wakamchukua mtu wao huko huko mjini akaweka swali lao, na programu ikatoka na sura mpya, inang'aa. Nilinuna wiki nzima. Mama yangu akaniambia niache, kazi ni ya watu, mimi siyo mwenye kampuni.

Sasa mama yangu mdogo. Huyu ni mdogo wake mama yangu, anakaa Segera, anauza machungwa na mahindi ya kuchoma pale njia panda mabasi yanaposimama. Yumo kwenye kikundi cha kufa na kuzikana, kile cha akina mama wa pale. Kikundi hicho ndicho benki yake, ndicho bima yake, ndicho kila kitu. Ukifiwa wanakuja wote na sufuria zao, wanateka maji, wanapika, wanaosha vyombo, wewe mfiwa unakaa kwenye mkeka na hugusi hata kijiko. Mama mdogo kwenye misiba ya wenzake alikuwa anafika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Kwa kupika pilau ya watu wengi walikuwa wanamwita fundi.

Mwaka huo mumewe aliugua. Akalazwa hospitali huku Korogwe, na mama mdogo akawa analala chini pembeni ya kitanda chake, anamgeuza, anamlisha uji. Akiwa pale wodini, alfajiri moja, mama mzazi wa mwenyekiti wa kikundi akafariki kule Kwaluguru. Ni Waislamu, kwao maiti hailali bila sababu, kwa hiyo mazishi yalikuwa alasiri ile ile. Wakaweka taarifa kwenye programu, na akina mama wakakodi basi dogo, kosta, kwenda huko Kwaluguru.

Taarifa ikaruka kwenye kioo cha simu ya mama mdogo. Picha ya marehemu, mahali, saa, na swali: Utahudhuria? Akampigia mwenyekiti, simu ikaita tu, maana mfiwa ana simu gani siku ile. Akarudi kwenye swali. Jamani, mama yangu mdogo amelelewa kwamba ukiulizwa unajibu. Kukaa na swali la mtu bila kulijibu aliona ni kiburi. Na hakuweza kusema Ndiyo, ni uongo, mumewe hawezi hata kujigeuza. Akafanya alichoona ni adabu. Akagusa Hapana.

Alidhani anaijibu simu. Hakujua kwamba chini ya picha ya marehemu, mbele ya macho ya watu wote, inatokea sura yake yeye, tena ile picha ya harusini anayocheka, na jina lake, na neno "hatahudhuria" kwa rangi nyekundu. Wenzake wakaliona wakiwa ndani ya kosta. Simu ikazunguka kiti kwa kiti. Mwenyekiti akaonyeshwa akiwa bado hajamaliza kumlilia mama yake.

Mumewe alipopata nafuu kidogo wakarudi Segera. Mama mdogo akanipigia, sauti imemnywea. Watu wamenibadilikia, mwanangu, akasema. Anasalimia anaitikiwa nusu. Kwenye kikao cha kikundi alikaa kwenye mkeka na wenzake wakahamia mkeka mwingine. Hajui amekosa nini. Nikafungua programu nikatafuta ule msiba, nikaiona ile picha yake anacheka juu ya maneno yale. Nikamweleza. Akasema yeye aliulizwa, na angefanyaje?

Nikampigia meneja. Nikamwambia hiki kitufe kinavunja watu, kitoeni leo. Alikuwa mpole, ule upole unaotia kichaa. Akasema ameshukuru kwa maoni, wataliangalia kwenye awamu ijayo. Awamu ijayo! Nikamsihi mama mdogo aende upesi kwa mwenyekiti, akahani na kueleza. Akasema atakwenda, amsubiri tu mgonjwa apate nguvu, hawezi kumwacha peke yake. Na mumewe hakupata nguvu. Siku chache baadaye baba yangu mdogo akafariki, kitandani kwake, Segera.

Shemeji wa mama mdogo, mdogo wa marehemu, aliyeshuka kutoka Kwashemshi, ndiye aliyeweka taarifa kwenye programu, kama wanavyofanya watu wote siku hizi. Mimi na mama tulikuwa Korogwe tunafunga mizigo twende. Nikaangalia simu. Swali lilikuwa pale pale, Utahudhuria? Na chini yake akina mama wa kikundi, mmoja baada ya mwingine, kila mtu na picha yake aliyojipamba: hatahudhuria, hatahudhuria, hatahudhuria. Hao hawakukosea. Walijua kabisa wanachogusa. Mama akaniuliza mbona nimesimama, nikamwambia tuwahi.

Tuliwasili tukalikuta turubai limefungwa, viti vimepangwa, na watu wa kuhesabu: wale ndugu wa mumewe kutoka Kwashemshi, na majirani wawili watatu wanaoangalia chini. Wanaume wa mlimani ndio waliochukua majembe wakaenda kuchimba kaburi, kwa sababu waume wa wale wanawake hawakutokea. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Mama mdogo alikuwa amechutama kwenye mafiga, anapuliza moto. Kanga ya msiba kajifunga kiunoni ili isiungue. Mume wake yuko ndani amelala, hajazikwa, na yeye anabandika maharage.

Mama yangu alimnyang'anya kuni kwa nguvu, wakashikana pale, wakalia, kisha mama akampeleka kukaa kwenye mkeka wa wafiwa. Mimi sikulia. Wakati huo huo simu ikalia mfukoni: ujumbe kutoka kwa meneja. Dada, angalia Segera leo, watu wanavyokitumia kitufe, tena bila kufundishwa, nilikwambia. Alikuwa ameona idadi tu, yule mjinga. Hakujua hata aliyekufa ni nani wangu. Nikamjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa mama yangu akiwa bado hai, na mshahara wao nikawaachia.

Halafu nikatoka nikaenda kwa mwenyekiti. Si mbali, nyuma ya vibanda vya chipsi. Nilimkuta barazani anachambua mchele, siku ya msiba wa jirani yake, anachambua mchele! Nikamwambia shikamoo mama kwa meno yaliyokazana. Akaitikia marahaba, akanionyesha kigoda. Sikukaa. Nikamwambia mama mdogo hakuwahi kumkataa, alikuwa wodini na mgonjwa, simu ilimuuliza naye akajibu. Nikamwambia mimi ndiye ninayefanya kazi na watu wa ile programu, nilikataa lile swali, hawakunisikia, kosa ni lao wote kule, siyo la yule mama anayepuliza moto mwenyewe msibani kwake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mwanamke mbaya, na hilo ndilo liliniuma zaidi, kwa sababu uso wake nao ulikuwa umevimba kwa kilio cha mama yake ambacho hakijaisha.

"Nimemzika mama yangu naangalia maneno yale," akasema. "Hata mtu ninayegombana naye hajawahi kuniambia msibani kwako siji. Kama angenyamaza tu, ningejua ana mgonjwa."

Nikamwambia tena, simu ndiyo iliyomuuliza.

"Basi iambieni simu yenu," akasema, akarudi kwenye mchele wake, "ije impikie."

Nimezunguka na maneno hayo mpaka leo, nimebishana nayo jikoni, nimebishana nayo kitandani, nimemtukana meneja kwa sauti nikiwa peke yangu bafuni. Nilirudi msibani nikiwa na mikono mitupu.

Wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini kuoga na kula kabla ya maziko, wana njaa, wana vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Mimi na mama tulijitahidi, lakini mikono minne kwa watu wale haikutosha, ugali ukaanza kushika chini ya sufuria. Mama mdogo akatusikia tunavyohangaika. Akainuka kwenye mkeka. Mama akamwambia kaa, mdogo wangu, nakuomba kaa, naye akapita kama hajasikia, akachukua mwiko, akausonga ule ugali mpaka ukalainika, akapakua na yale maharage sahani moja moja, akawapelekea wageni wa mume wake, kila mtu akimpokea kwa mikono miwili na kuangalia pembeni. Sahani ya mwisho akaniletea mimi. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi na kwa lile jingine. Akasimama mbele yangu, mjane wa siku moja, akasubiri nionje, akaniuliza kama chumvi imetosha.