Bega la Verlin Haugstad

Verlin Haugstad alikaa ndani ya pikapu nje ya duka la bunduki la Orrin kwa muda wa kutosha kuvuta sigara mbili, ingawa sigara aliacha zamani. Alikuwa ametoka zamu ya asubuhi kiwandani. Vumbi la mbao lilikuwa bado masikioni. Mfukoni alikuwa na dola mia nne na hamsini, na kwenye bega la kulia kovu la operesheni lenye urefu wa kidole.

Kiwanda cha mbao cha Larch Fork kililitafuna bega hilo miaka ishirini na sita. Lilipochoka, kilimpa barua ya shukrani yenye sahihi ya mtu asiyemjua, kisha kikampunguzia zamu. Ndiyo maana mwaka huu nyama ya mwituni haikuwa anasa. Elki mmoja, yule kulungu wa milimani mwenye uzito wa ng'ombe, hulisha nyumba ya watu wawili mpaka majira ya kuchipua. Friza ya Verlin ilikuwa na mahindi, barafu na mkate wa Krismasi iliyopita.

Lakini kulikuwa na jambo lililomkalia moyoni kuliko njaa. Msimu uliopita alimpiga elki jike vibaya, kwa bunduki kubwa ya marehemu baba yake. Alifuata damu siku mbili, kisha theluji ikaanguka ikafunika kila kitu. Hakumwambia mtu ila Twyla, mkewe. Na mbele ya Twyla aliapa: asipopata bunduki anayoweza kuilenga sawasawa, kibali cha kuwinda cha mwaka huu atakirudisha, na milimani hatakanyaga tena.

Zilibaki siku nane msimu ufunguliwe. Akashuka.

Dukani alikuwemo Orrin Beck mwenyewe, mzee wa miwani mbili, moja puani na moja kipajini. Alikuwemo pia Dwight Kessel, ambaye hakuwa akinunua kitu. Alikuwa akinywa kahawa ya bure.

"Ona nani kafufuka!" Dwight alisema. "Verlin, bunduki za sungura ziko upande ule."

"Na kahawa yako inalipiwa upande gani, Dwight?"

Orrin alicheka puani. "Unataka nini, ndugu yangu?"

Verlin alisogea kwenye rafu. Alikuwa ameshaiona aitakayo: mpya, nyeusi, ya kukoki kwa mkono, nyepesi kama jembe lisilo na mpini, yenye risasi kubwa kama za baba yake. Darubini ilikuja nayo. Dola mia nne ishirini na tisa. Aliinyanyua, na miguu yake ikashukuru. Mashamba yote ya bondeni yamenunuliwa na matajiri wa mbali wanaokuja wiki mbili kwa mwaka na kufunga mageti mwaka mzima. Mtu wa Larch Fork anayetaka nyama sasa hupanda saa nne kwa miguu, mpaka kwenye ardhi ya umma, akiwa ameibeba bunduki.

"Hii," alisema.

"Hiyo ni bunduki ya mwanamume," Dwight alisema.

Orrin aliitazama bunduki, akalitazama bega. "Twende nyuma tukaijaribu."

Nyuma ya duka kulikuwa na uwanja wa shabaha, meza moja na tuta la udongo; Dwight akawafuata na kahawa yake. Orrin aliweka kitambaa chini ya mtutu. "Risasi nitapakia mimi. Wewe geuka pembeni nikipakia, kisha ulenge na uvute."

Risasi ya kwanza ilipotoka, kitako kilimgonga bega kama mlango uliosukumwa na upepo. Ya pili ikamtoa machozi. Verlin akakoki mara ya tatu, akalenga, akavuta.

Ikalia *ta*, basi. Orrin alikuwa amepakia risasi ya bandia, isiyo na baruti. Na kwa kuwa hapakuwa na kishindo cha kuficha chochote, wote watatu waliona: mtutu uliinama ghafla, kiasi cha upana wa kiganja, na Verlin alikuwa amefumba macho.

Dwight alishusha kikombe chake. 

"Kumbe ndivyo nilivyompiga," Verlin alisema polepole. "Yule jike. Nilifumba macho."

"Bega linakumbuka kabla hujavuta," Orrin alisema. "Bunduki nyepesi yenye risasi kubwa ndiyo inayopiga teke kuliko zote. Ngoja."

Alirudi na bunduki iliyotumika, kitako cha plastiki chenye rangi ya matope, mtutu mnene. "Mia tatu na kumi. Sura yake mbaya, lakini mtutu wake ni mzima na komeo lake la kukokia linateleza kama siagi. Pesa inayobaki nunua darubini nzuri. Ile iliyokuja na bunduki mpya ingekuangusha kwenye baridi."

Verlin aliipima mikononi. "Nzito hii, Orrin. Na risasi zake ndogo."

"Ndogo, lakini zinaua ukisogea karibu. Hatua mia mbili, usizidishe."

"Miguu yangu imechoka, mzee."

"Basi chagua kichoke nini, miguu au bega. Kwa pesa hiyo sina inayovipumzisha vyote viwili."

Verlin aliketi tena. Orrin alipakia, za kweli na za bandia, bila mpangilio. Mara ya sita ikalia *ta*. Mtutu haukutikisika. Kwenye karatasi matundu matano yalikaa karibu karibu, ungeyafunika kwa kikombe.

"Ya watoto wa shule hiyo," Dwight alinong'ona.

"Njoo basi upige ile kubwa," Verlin alisema bila hasira, kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Orrin akupakilie."

Dwight alitazama saa, akakumbuka kwamba mkewe alikuwa akimngoja.

Verlin akajaza fomu, akalipia ile nzito na darubini yake, akaenda nyumbani. Twyla, bado na sare ya kazini, aliinyanyua ile bunduki mezani kwa mikono miwili.

"Mungu wangu! Hii utaipandisha vipi mlimani?"

"Taratibu. Tena itabidi nimsogelee sana, Twyla. Nisipomfikia, sipigi. Narudi mikono mitupu."

"Na kibali?"

"Sikirudishi."

Twyla aliirudisha bunduki mezani. "Siku ya kwanza nina zamu. Nitambembeleza Ardith wa kazini tubadilishane, nikubebee chakula na maji, wewe ubaki na hicho chuma chako tu. Sawa?"

Alisubiri jibu. Verlin alikuwa ameshalala pale pale kitini, buti moja mguuni na nyingine mkononi.