Aliyekuwa Akingoja Langoni

Iko siku moja ya miaka ya tisini, mwanangu, ambayo nikiitaja mpaka leo moyo unanienda mbio. Sogea karibu, maana sauti yangu siku hizi haifiki mbali.

Nilikuwa kijana wakati huo, nimeolewa si zamani, nauza chai ya maziwa hapa Garissa karibu na soko la mifugo. Ukuta kwa ukuta na mimi alikuwa Hassan Dubow, aliyekuwa akileta bidhaa kutoka Liboi. Safari moja hakuleta sukari wala vitambaa. Alileta televisheni na mashine ya gemu, akaweka jenereta nyuma ya chumba, akapanga mabenchi, na vijana wakahamia pale kana kwamba wamezaliwa pale.

Ndani ya televisheni kulikuwa na uwanja wa mviringo uliozungushiwa ukuta, na lango moja tu. Watu wadogo wenye marungu na mikuki walikimbizana humo kwa mbio ambazo jicho langu halikuweza kuzifuata. Ukipigwa unaanguka, halafu unarudi kwa lango lile lile, unaendelea. Anayeangusha wengi ndiye mshindi. Basi, hiyo ndiyo gemu yenyewe.

Lakini maoni, mwanangu! Kucheza kulikuwa kidogo, maoni ndiyo yalikuwa mengi. Abdullahi Kune alishikilia kwamba mwenye rungu kubwa anapendelewa na waliotengeneza. Mohamed Sirat akasema hapana, rungu ni zito, mwenye mkuki ndiye mbaya, anapiga akiwa mbali. Ibrahim Gabow, aliyekuwa amerudi kutoka Nairobi, alisema gemu yote ni mbio tupu, haina akili. "Nairobi hii imeshazeeka," akasema, "nyinyi mmeletewa makapi." Wakamwambia basi arudi Nairobi akacheze hiyo changa.

Mdogo wangu Dakane, tumbo moja na mimi, ndiye aliyekuwa hodari wao. Vidole vyake vilikuwa vyepesi na mdomo wake ulikuwa mwepesi zaidi. Aliyemsumbua alikuwa mmoja tu, Shafi Noor, kijana mkimya wa ukoo mwingine. Shafi hakuwa akikimbizana na mtu. Alimsimamisha mtu wake kando ya lango, akangoja. Kila aliyeanguka, akirudi tu, kabla hajageuza uso, Shafi anamwangusha tena.

"Warya, muache atoke kwanza," Dakane alimwambia asubuhi ya siku hiyo.

"Ametoka."

"Hajageuka. Umempiga kisogoni."

"Gemu imekataza? Hassan, gemu imekataza?"

"Mimi nina televisheni tu," Hassan alisema. "Kadhi yuko kule msikitini."

Watu wakacheka. Dakane akaangushwa langoni, akarudi, akaangushwa, mpaka mchezo ukaisha. Akaiweka chini pedi, kile kidude cha vifungo wanachokishika mikononi. Kisha akasema, bila hata kupandisha sauti, "Nisimlaumu. Kumngoja mtu kisimani ni kazi ya kwao."

Nilikuwa nimewaletea chai, nikaliweka birika chini.

Hapa lazima nikueleze. Kwetu, mtu anayenywesha mifugo kisimani hapigwi, hata kama ni adui yako. Ameinama, mikono yake imeshika kamba. Anayempiga hapo, aibu yake inarithiwa na watoto wake. Na miaka mingi kabla ya siku hiyo, adeer yake Shafi, ndugu wa baba yake, alidaiwa kumuua mtu wa kwetu namna hiyo huko upande wa Hulugho. Wazee wa koo zote mbili walikaa, ngamia wa fidia wakatolewa, fatiha ikasomwa. Ikakubaliwa mbele ya watu kwamba neno la kisima halitatamkwa tena, na atakayelitamka ameifungua damu upya. Dakane alilijua hilo kama anavyojua jina lake.

Shafi aliinuka, akavaa ndala zake polepole, akatoka. Angetukana ningepumua. Kijana anayeondoka bila kutukana anakwenda kuita watu.

Kabla ya alasiri wanaume wa kwao walikuwa wamesimama upande wa pili wa barabara, fimbo mikononi, na wengine mikono yao imefichwa ndani ya mashuka. Sikutaka kujua imeshika nini. Wa kwetu nao wakaja, wakasimama upande wetu. Hakuna aliyeongea. Mwenye duka la nguo mbele yangu alifunga mlango katikati ya mauzo, mteja akiwa bado anahesabu mita. Dakane alikuwa ndani kwa Hassan, amekaa kwenye benchi, anatazama miguu yake. Mimi nimesimama mlangoni kwa Hassan na birika lililopoa, nikijua kwamba akitoka atakufa. Na akifa yeye, kesho atakufa mwingine, labda mtu aliyeko Sangailu na mbuzi zake ambaye hajawahi kuona televisheni.

Ndipo akaja Adeer Bishar Olow, mzee tuliyemwita adeer kwa heshima tu. Huyu hakuwa wa ukoo wetu wala wa kwao, na alikuwa mmoja wa wazee waliokaa katika kile kikao cha fidia. Alikuwa mtu wa kusalimia hata watoto wanaotambaa. Siku hiyo alipita katikati ya wale wanaume bila salamu, na hilo likanitisha kuliko fimbo. Alimshika Shafi kifundo cha mkono pale kati ya watu wake, akamwingiza ndani kwa Hassan. Akaita mzee mmoja kutoka kila upande, wakakaa.

Nilidhani ataanza na kisima. Akasema, "Hassan, washa hicho kitu."

Hassan akawasha. Mzee akatazama wale watu wadogo wakikimbizana, uso wake hauna neno. Halafu akasema, "Mtaongea hapa kama tunavyoongea kikaoni. Mmoja anasema, mwenzake anayarudia maneno hayo. Hamjibu mpaka mwenye maneno akubali kwamba ndivyo alivyosema. Na mtaongea habari za gemu. Kisima hakimo humu, nimetazama."

Dakane akaanza. "Nasema gemu hii ni ya kukimbia na kuona. Anayengoja langoni hajamshinda mtu. Mimi nikiangushwa tunatazamana, nitanyamaza."

"Anasema mimi ni mwoga," Shafi akasema.

"Sivyo nilivyosema."

"Rudia," mzee akamwambia Shafi.

Shafi akarudia. "Anasema ukimpiga mtu hajakuona, hujamshinda. Akiangushwa mnatazamana, atanyamaza."

"Ndivyo nilivyosema."

"Sasa wewe," mzee akamwambia Shafi.

Shafi akaichukua pedi, akaigeuza mikononi. Nje mtu alikohoa na wote tukageuka. Mwisho Shafi akasema, akiitazama mikono yake, "Mimi gemu hii inanishinda mbio. Mkianza kukimbizana sijui nani ni nani. Mpaka kidole changu kijue, mtu wangu ameshaanguka, na nyinyi mnacheka. Pale langoni ndipo ninapojua mtu atatokea wapi. Kwa hiyo nakaa pale."

Nikamtazama Dakane. Namjua ndugu yangu, alikuwa mtu wa mzaha, na Ibrahim Gabow kwenye kona alikuwa tayari ameziba mdomo kwa kiganja. Kama Dakane angetabasamu, hata kidogo tu kwenye pembe ya mdomo, wale wa nje wangesikia kicheko cha wenzake na suluhu ingefia hapo hapo. Nilimwomba Mungu ndani ya koo langu.

Dakane hakutabasamu. "Anasema gemu inamshinda mbio," akasema, taratibu, kama mtoto anayesoma. "Anasema hajui nani ni nani, na sisi tunamcheka. Langoni ndipo anapojua mtu atatokea wapi. Hakai pale kwa ubaya. Anakaa kwa sababu kwingine kote amepotea."

"Shafi, ndivyo ulivyosema?" mzee akauliza.

Shafi akamtazama Dakane kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Ameongeza," akasema. "Lakini ndivyo ilivyo."

Adeer Bishar akamgeukia ndugu yangu. "Hayo yote yalikuwa kifuani mwake na hukumuuliza. Ukaenda kumtafutia jibu makaburini."

Dakane akasimama mbele ya wazee, akaliondoa neno lake, akasema amekosa. Ukoo wetu ukatoa dume la mbuzi kama ilivyo ada, likachinjwa pale pale nyuma ya jenereta, na pande zote mbili zikala. Kabla ya nyama kuiva nilisikia wanaume wakianza kusalimiana barabarani, kwa sauti ndogo kwanza, kisha kwa kuulizana habari za malisho. Nikaingia kwangu, nikalia nikipasha chai.

Dakane ndiye huyo babu yako wa Ijara. Mvi zake mimi huziangalia sana.

Sasa shika hili, mwanangu. Mtu akikupa maoni yake, iwe ya gemu, iwe ya mpira, mara nyingi chini yake kuna jambo analolionea haya. Kabla hujambishia, yaseme maneno yake kwa mdomo wako, umuulize kama ndivyo alivyosema. Ukishindwa kuyasema, bado hujayasikia. Na ukibishana, bishana na yeye aliye mbele yako, kwa jambo lililo mbele yenu. Muache baba yake. Waache watu wa kwao. Waache wafu waliokwisha kusomewa fatiha. Nyinyi wa leo mnabishana kwenye simu na watu msiowaona uso, hamjui nani ametoka nyumba gani na msiba gani, wala hakuna mzee wa kupita katikati yenu.

Mungu akupe subira ya kusikiliza mpaka mwisho, akulinde na neno linalokutoka ukiwa umeshindwa, na akujalie uzee ukiwa na ndugu zako wote hai pembeni yako. Amin.