Buibui Lililopitisha Mwanga

Gizani, mfuniko wa sufuria ya maharagwe unagongagonga taratibu. Nje ni saa nane mchana na jua la Kitale ni kali, lakini Bilan Mohamud amefunika madirisha kwa mablanketi na kuziba chini ya mlango kwa leso. Jicho moja ameliegesha kwenye tundu la kisanduku cha mbao, na mkono wake unapitisha tochi juu ya viungio.

Haoni mwanga wowote ndani. Lakini hayaamini tena macho yake.

Bilan ni fundi wa kushona mabuibui, karibu na msikiti. Yaliyoshonwa tayari yalipojaa madukani, wateja walimhama. Kazi iliyombakia majirani hawaielewi: kuziba mwanga usipenye kwenye visanduku vya wapenzi wa nyota wa Bungoma.

"Wananiuliza, 'Mama Leila, ati siku hizi unashonea nyota nguo?'" anasema Bilan, bila kucheka.

Kisanduku hicho hufungwa nyuma ya darubini. Huitandaza nuru ya nyota iwe ukanda wa rangi, na kamera iliyo ndani huupiga picha. Nuru yenyewe ni hafifu mno. Taa ya jirani ikipenya kidogo tu, picha imeharibika.

Basi Bilan akatandika ndani kitambaa cheusi kuliko vyote anavyovijua, cha buibui.

Picha zikatoka na ukungu. Hiram Mukhisa, mwalimu anayeongoza kikundi hicho, akaja kutoka Bungoma na kubonyeza rimoti ya televisheni nyuma ya kitambaa. Kwenye kompyuta iliyounganishwa na kamera ikawaka nukta nyeupe. Mwanga wa rimoti jicho haliuoni. Kamera inauona, na buibui haliuzuii.

"Si makosa yako, dada. Hata mimi niliona ni nyeusi kabisa, bana," alimwambia. "Lakini wenzangu wamechoka. Jumamosi tutakijaribu tena kisanduku; kikivuja, tutaagiza vya ng'ambo."

Bilan anasema alikaa chini sakafuni.

"Hiyo kitambaa nimeshona tangu nikiwa msichana, kumbe siijui. Sasa kama hata giza imenishinda, nitauza nini?"

Alikibandua kitambaa chote, hadi gundi ikamchubua vidole. Mahali pake amebandika karatasi za foili, zile za kufungia kuku hotelini, kisha akazipaka rangi nyeusi isiyong'aa. Kisanduku kikikubaliwa, anataka kibanda cha kazi hii peke yake. Analitaja jambo hilo kwa sauti ndogo, kama anayeogopa kusikiwa.

Leo ni Ijumaa. Anaiweka tochi kando na kuchukua rimoti. Binti yake Leila, mwenye miaka saba, ndiye anayetazama kompyuta; mama mwenyewe ameshindwa kutazama.

"Usiseme kitu mpaka nimalize," anamwambia.

Anakizunguka kisanduku chote, pembe kwa pembe, akibonyeza. Anamaliza, anaiweka rimoti chini.

"Mama, sasa inavuja mahali pamoja tu," Leila anasema.