Waridi Kwenye Korosho

Majuzi nilisimama katika duka moja pale Kilwa Masoko, chupa ndogo ya manukato mkononi, nimesahau hata kilichonileta. Usinicheke, rafiki yangu. Nilikuwa nimetumwa udi wa harusi tu. Nilipofungua kile kizibo nikaisikia harufu ya sanduku la bibi, nguo zake na kila kitu, nikawa na miaka kumi mle mle dukani mbele za watu.

Duka lenyewe nalijua tangu utotoni. Mzee wa Kihindi aliyelishika wakati ule alipima ubani kwa mizani ya shaba na kuufunga kwenye kipande cha gazeti. Sasa liko mikononi mwa mjukuu wake, binti mcheshi asiyebanduka kwenye simu. Aliponiona nimeganda akasogea.

"Hayo ya mabibi hayo, dada," akaniambia. "Ni mapya, ila wameyatengeneza kizamani. Waridi, asumini, na kama poda hivi. Wasichana hawayataki, wao wanataka vanila."

Akanidondoshea kidogo kwenye karatasi ninuse. Nikamrudishia karatasi yake. Bibi angenizomea.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa mkulima wa korosho kule Mitole. Viganja vyake vilikuwa vigumu na vidole vimepata madoa meusi ya maganda, lakini ukikaa karibu naye ulikuwa hutaki kuondoka. Chupa yake ya mafuta ya waridi ilikaa chini kabisa ya sanduku, imeviringishwa kwenye kitambaa cheupe. Katika ukoo wetu, yeye ndiye aliyefukiza nguo za kila bi harusi. Nguo zinatandazwa juu ya kapu kubwa lililopinduliwa, chetezo cha udi kinawekwa chini yake, na mwenye kazi anakaa hapo akizigeuza taratibu mpaka zikolee. Kazi hiyo hapewi mtu yeyote tu. Anapewa mwanamke ambaye harufu yake mwenyewe imetulia, maana wazee wetu wanaamini nguo zinachukua na ya kwake.

Bibi alipofariki, chetezo kikaenda kwa shangazi, binti yake. Sasa shangazi macho yameingia ukungu, makaa hayaoni vizuri, na mjukuu wake anaolewa. Nitakuambia jambo ambalo sikumwambia mtu: nilikitaka kile chetezo. Nilikitaka toka mdogo. Lakini mbele ya shangazi nilikuwa na kesi ya zamani, tena nzito.

Kesi yenyewe ni ya msimu mmoja wa korosho, shule zimefungwa. Asubuhi ile nyumba nzima ilikuwa mbio mbio kwa sababu wageni walikuwa wanakuja kumposa shangazi. Mimi nikapewa kazi ya kubangua korosho za wageni. Kama hujawahi kubangua, sikia: unazichoma kwenye bati moshi unakutoa machozi, halafu unapasua ganda moja moja, na utomvu wake ukikugusa unaunguza ngozi. Ndiyo maana kwanza unapaka vidole mafuta. Mafuta ya nazi jikoni yalikuwa yameisha. Nikakaa, nikafikiri kwa akili zangu zote. Mafuta ni mafuta. Na bibi anayo mengine sandukuni.

Mungu anisamehe, nilipaka yale mafuta ya waridi vidole vyote kumi, mpaka kwenye viwiko. Nilijiona malkia. Nilipasua korosho sinia zima, na vidole vilivyokauka nikavipaka tena.

Wageni wakaja, wakakaribishwa, wakapewa korosho. Mjomba wa bwana harusi akatafuna moja. Akatafuna ya pili. Kisha akauliza kwa heshima kubwa, "Bi mkubwa, korosho za huku mnazichoma na maua?"

Shangazi alikuwa nyuma ya pazia akisikiliza posa yake. Alitokea uani kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, akanikuta bado nanukia mtaa mzima. "Nani kamwaga manukato hapa?" Halafu akaniangalia viwiko. "Wewe maua hayakufai! Hayakukubali! Usiyaguse mpaka unazeeka!"

Posa ilikubaliwa, na mume wake mpaka leo akitaka kumchokoza anaomba korosho za waridi. Lakini lile neno lilinikaa. Watu wazima hawajui wanachomwachia mtoto wakiwa na hasira. Nimesoma, nimefanya kazi Lindi mjini, nimelea watoto watatu, na miaka yote hiyo nimeoga kwa sabuni isiyo na harufu na kusema kwamba manukato yananiumiza kichwa. Uongo mtupu. Nilikuwa naogopa.

Bibi hakunichapa. Jioni yake aliniketisha jikoni, akaninusa kichwani akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Kisha akanifundisha. Manukato huyajui kwa kunusa chupa, akasema, chupa inamsifia kila mtu. Unatia tone moja asubuhi kwenye mkunjo wa kiwiko, kwa ndani, unanyamaza, unakwenda kufanya kazi zako zote za kila siku. Ukifika alasiri unasikiliza watu.

"Wakikuuliza umepaka nini, jua yamekushinda, yamekupita mbele," aliniambia. "Wakikusifia wewe, na hawajui kwa nini wanakusifia, hayo ni yako. Kwa sasa bado mdogo. Utajaribu tena ukikua." Alifariki kabla sijajaribu.

Basi pale dukani nikatia tone moja kwenye mkunjo wa kiwiko, nikalipa chupa pamoja na udi niliotumwa, nikapanda bodaboda kwenda Mitole kwa shangazi.

Mwanzoni, rafiki yangu, nilijuta. Yalinipanda puani makali, sabuni na poda, nikapiga chafya mbili nyuma ya dereva. Nilijisikia nimevaa nguo ya mtu mwingine. Njiani vumbi na jua vikaipunguza ile poda, likabaki waridi peke yake, na waridi peke yake ni jeuri. Nikakaribia kumwambia dereva asimame nikanawe. Sikumwambia.

Kwa shangazi uani palikuwa pamejaa wanawake. Nikamwamkia, "Shikamoo shangazi," akaniitikia "Marahaba" huku anawagombeza wengine juu ya mchele. Nikafunga kanga kiunoni, nikakaa juu ya mbuzi, nikakuna nazi kumi na moja. Nikachuja tui. Nikachochea kuni, nikasukuma sufuria, nikala moshi.

Kuelekea adhuhuri jirani mmoja, mama mwenye sauti ya kuita watu toka shamba, akanyanyua pua. "Jamani, nani kapaka nini humu? Kichwa kinaniuma!"

 Niliinama kwenye nazi kama nimepoteza pete ndani yake. Jirani akatuzunguka mmoja mmoja akinusa, akafika kwangu, akapita. Akasimama kwa wasichana waliokuwa wanachambua mchele. "Ninyi! Mmejimwagia biskuti?" Ilikuwa vanila. Nilicheka kuliko wote, mpaka wakaniangalia.

Baada ya sala ya alasiri nikaenda barazani kumkalia shangazi karibu, nimsaidie kukunja nguo za bi harusi. Nilinusa kiwiko changu kwa siri. Waridi lilikuwa limelala kwenye ngozi, asumini imelifuata taratibu, vuguvugu, pamoja na tui na moshi wa kuni. Haikuwa harufu ya bibi. Nilitazamia iwe ya bibi, na haikuwa. Ilikuwa yangu, na niliipenda mpaka nikaona aibu.

Shangazi alikunja nguo mbili tatu. Kisha akaacha, akaniegemea begani.

"Wewe umekua lini?" akaniuliza.

"Shangazi, mimi nina wajukuu wawili."

"Sisemi miaka. Toka umekaa hapa mwili wangu umepumzika. Umetulia. Sikuwa na habari." Akapapasa chini ya kiti, akakitoa chetezo cha bibi, cha udongo, ukingo umemeguka, akaniwekea mapajani. "Makaa hayo siyaoni. Fukiza wewe."

Hakuuliza nimepaka nini. Nilitaka kuruka niimbe. Nikasema tu, "Haya, shangazi," nikapindua kapu.

Nikageuza zile nguo moja moja, moshi wa udi ukipanda, nikawaza vilivyokwisha. Mizani ya shaba haipo. Mitole siku hizi korosho zinakwenda ghalani na maganda yake, watoto hawajui utomvu unaunguza wapi. Sanduku la bibi mchwa walilila. Nilimkumbuka mpaka machozi yakanitoka, nikawaambia waliopita ni moshi. Ningetoa chochote aione ile alasiri. Lakini sikuwa na huzuni, nakuapia. Nilikuwa nimekaa mahali pake, kwa harufu yangu mwenyewe, na bi harusi wetu angeondoka na nguo zilizopita mikononi mwangu.

Gauni la mwisho lilipokolea nikashindwa kuvumilia. "Shangazi," nikamwambia, "leo nimepaka waridi."

Alinyanyua uso. Akanusa, safari hii kwa makusudi, akaninusa mpaka kwenye kiwiko. Kicheko chake kikawaita wanawake wote kutoka jikoni.

"Yanakufaa," akasema. "Chetezo ni chako. Lakini korosho za wageni, usizisogelee!"