Wafalme wa Chumba cha Manfuha

Juzi, mjini Nakuru, nilipita kwenye banda la fundi anayetengeneza viyoyozi vikuukuu. Alikuwa amewasha kimoja cha zamani, kile cha kuchomekwa dirishani, kikinguruma na kugongagonga kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Kisha akakizima. Nikabana pumzi, mtu mzima kama mimi, barabarani, mchana kweupe.

Niwaeleze kwa nini.

Nililelewa Manfuha, kusini mwa Riyadh, katika chumba kimoja pamoja na mama na shangazi wawili ambao hatukuwa na undugu nao. Wote watatu walitoka Kenya kwenda kufanya kazi za nyumbani, na kila mmoja kwa njia yake alikuwa amebaki bila kafili, mwajiri anayemdhamini, na bila ikama, kibali cha kuishi. Mimi sikuwa na karatasi yoyote duniani. Kiyoyozi chetu kilinguruma kutwa kucha. Kikizimwa, ujue wakaguzi wameingia mtaani na nyumba inapaswa kuonekana haina watu. Hakuna kukohoa, hakuna kuuliza. Joto lilipanda chumbani kama maji kwenye pipa, na jasho la watu wanne likanuka kitunguu na woga. Kikiwashwa tena, ujue wamekwenda, na ruhusa ya kusema imerudi.

Ili ninyamaze, Shangazi Salome alinipa wafalme.

Salome alikuwa amefanya kazi miaka mingi Jeddah, kwa familia ya Waingereza. Walipohama walimwachia kitambaa cha kukaushia vyombo kilichochapwa majina ya wafalme na malkia wa kwao, kila mmoja na mwaka aliokalia kiti na mwaka aliokiacha. Hakukikaushia hata kijiko. Alikitundika dirishani kikawa pazia.

"Wapange," aliniambia, "kuanzia aliyekaa sana hadi aliyekaa kidogo. Kichwani. Ukitikisa mdomo umeshindwa."

Nikajifunza kutoa mwaka wa kwanza kwenye wa pili. Victoria, sitini na minne, au mitatu ukiwa mkali. George wa Tatu, sitini, au hamsini na tisa ukiwa mkali, maana wa mwisho hakuumaliza. Henry wa Tatu, hamsini na sita. Malkia wa wakati ule hakuwa na mwaka wa pili, alikuwa na kistari tu, kikining'inia. Huo ndio mwaka ambao simu za shangazi zangu zilitangaza kwamba amempita Victoria.

Wanawake wale nao walikuwa wamejigawia majina, kwa kadiri kila mmoja alivyodumu kwa bosi wake wa kwanza. Salome alikuwa Victoria. Shangazi Achieng alikuwa Jane, malkia wa siku tisa, kwa kuwa alitoroka, kwa maneno yake, "kabla sijajua sukari inawekwa wapi." Mama alikuwa Edward wa Nane, yule aliyekaa miezi tu, mwaka haujaisha akaacha kiti mwenyewe.

"Wewe hata taji hukuvishwa," Achieng alimtania.

"Na wewe ulikatwa kichwa," mama akajibu. "Nyamaza upike."

Niliwacheka, lakini moyoni nilimwonea mama aibu. Nilikuwa mtoto wa kupenda namba kubwa. Nilimuuliza Salome kwa nini huyo Edward aliacha. "Alipenda mtu," akasema, "wakamwambia achague." Nikaona ni ujinga.

Septemba ya mwaka huo kiyoyozi kilizimwa mara nyingi. Alasiri moja mlango uliogongwa ulikuwa wa majirani, ng'ambo ya korido, na tukasikia kandambili zao zikishuka ngazi, wakipelekwa. Mama alinishika kifundo cha mkono kikauma. Ngurumo iliporudi alisema, "Halas, imetosha. Nampeleka mtoto nyumbani."

Njia iliyokuwepo ni kwenda Jeddah na kujisalimisha kwenye kituo cha watu wanaorudishwa makwao.

"Watakutenganisha naye, Mama Neema," Salome akasema. "Huna hata karatasi ya kuonyesha ni wako."

"Basi twende wote, dada."

"Niende nikamtawale nani? Watoto wangu wananijua kwa simu."

Hakuja. Kamau, dereva wa maghala ya Sulay, alitubeba kwenye pikapu yake kutwa nzima. Kila kizuizi cha barabarani kilipotokea nilirudi kwa Victoria, nikashuka mpaka kwa Jane. Jeddah ilitupokea kwa hewa nzito iliyoninata usoni kama kitambaa kibichi.

Kituoni walimweka mama upande mmoja wa kioo, mimi upande wa pili. Askari wa kike alichuchumaa mbele yangu. Alinukia udi, na sauti yake haikuwa na ubaya. Akaniuliza kwa Kiarabu, nilichokijua kuliko yeye alivyodhani: mama yako ni yupi?

Nilitakiwa tu kuonyesha kwa kidole. Lakini mbele yangu palikuwa na sare, na ukumbi ule ulipozwa na mitambo isiyosikika, kimya kabisa. Nikafanya nililofunzwa. Victoria. George. Henry. Akauliza tena. Nikabana midomo. Alisimama, akamwambia mwenzake kwamba huyu hana mwenyewe, apelekwe upande wa watoto.

Mama aliona midomo yangu, akaelewa. Alisogea hadi kwenye tundu la kioo, na mimi nikadhani atalia. Badala yake akaanza kunguruma. Nguuu, tk, tk. Nguuu, tk, tk. Mwanamke mzima na abaya yake, mbele ya askari, akinguruma kama mtambo mbovu. Mmoja wao alicheka. Mama hakuacha.

Nikavuta pumzi. Kiyoyozi kimewashwa.

"Yule," nikasema, kwa Kiarabu, kisha kwa Kiswahili, wasije wakakosea. "Yule anayenguruma."

Tulirudi Kenya. Shule niliiacha mapema, miji nimeizunguka mingi, na nasoma chochote kinachoniangukia. Ndivyo nilivyojua kwamba George wa Tatu, karibu miaka kumi ya mwisho, akili ilikuwa imemtoka na mwanawe ndiye aliyetawala, ila miaka ikaendelea kuhesabiwa kwake. Nilimfikiria Salome, miaka yake na watoto wake wa kwenye simu. Siku malkia wa kistari alipofariki nilimpigia. Namba haikupatikana.

Mama nilimuuliza mwaka jana, tukimenya viazi, kwa nini hakumaliza hata mwaka kwa madam wake.

"Tumbo lilianza kuonekana," akasema, macho kwenye kisu. "Akaniambia nichague, kazi ama wewe." Akaniomba nimsogezee sufuria.

Fundi wa Nakuru alikuwa akinitazama. "Dada, unanunua ama unaangalia tu?"

Sikumjibu mpaka alipokiwasha tena.